Maneno ya Kiingereza ya Moyo na Mzunguko wa Damu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika hospitali nyingi za Tanzania na Kenya, daktari na mgonjwa huweza kuzungumza Kiswahili tangu salamu hadi kuagana, lakini yanayoandikwa kwenye faili, kwenye cheti cha dawa na kwenye majibu ya maabara ni Kiingereza kitupu. Kwa Mswahili anayeishi Birmingham, Toronto au Minneapolis, hata salamu zenyewe ni za Kiingereza. Maswali yafuatayo ni yale ambayo wagonjwa wa moyo na jamaa zao huyauliza kuhusu maneno hayo. Majibu yanahusu maana ya maneno tu, wala hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari aliyekupima.

Kuna haja gani ya kujua maneno haya ikiwa daktari wangu anajua Kiswahili?

Haja ipo, na sababu yake si kwamba Kiswahili kimekosa tafsiri. Tafsiri zipo tele. Ugumu ni kwamba lugha hizi mbili hazikuugawa mwili kwa namna moja. Kiswahili kinatumia neno mshipa pale ambapo Kiingereza kina maneno manne au matano, na kwa upande mwingine tulilichukua neno la Kiingereza la shinikizo, tukaliita presha, kisha tukalipa maana ambazo Waingereza wenyewe hawazijui. Mzee akisema "nina mshipa" huenda anazungumzia ngiri, na mfasiri asiye makini akaandika kwamba mgonjwa ana tatizo la mishipa ya damu. Zaidi ya hapo, ugonjwa wa moyo hutibiwa kwa miaka. Mgonjwa huhama mji, hubadilisha kliniki, daktari wake wa kwanza hustaafu, na kinachosafiri naye ni ile karatasi ya Kiingereza.

Je, "heart attack", "cardiac arrest" na "heart failure" si ugonjwa mmoja?

Si ugonjwa mmoja, na hapa ndipo makosa makubwa hutokea, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida yote matatu huishia kuitwa "matatizo ya moyo" au "moyo ulisimama".

"Heart attack" ni shambulio la moyo. Moyo wenyewe ni msuli, na kama msuli mwingine wowote unahitaji kuletewa damu; damu hiyo huletwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje. Mmoja wa mishipa hiyo ukizibwa, sehemu ya msuli iliyokuwa ikitegemea damu yake huanza kufa. Mtu anaweza kuwa anaumwa kifua, anatokwa jasho jembamba na kuhisi kichefuchefu, huku bado anazungumza na moyo wake bado unapiga. Kwenye faili hali hii huandikwa "MI", kifupi cha maneno yanayomaanisha kufa kwa sehemu ya msuli wa moyo kwa kukosa damu.

"Cardiac arrest" ni moyo kuacha kusukuma damu ghafla. Hapa mtu huanguka, hajibu anapoitwa, na hapumui kama kawaida. Neno "arrest" ni lile lile ambalo polisi hulitumia wanapomkamata mtu, nalo limetokana na Kifaransa cha kale chenye maana ya kusimamisha. Hali hii inahitaji kubonyezwa kifua papo hapo, katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Shambulio la moyo linaweza kusababisha moyo kusimama, lakini moyo unaweza pia kusimama kwa sababu nyingine kabisa, kama vile kuzama majini au kupigwa na umeme.

"Heart failure" ndilo neno linalotisha kuliko inavyostahili. Likitafsiriwa neno kwa neno huwa "kushindwa kwa moyo" au "kufeli kwa moyo", na jamaa wanaolisikia huanza kuitana kama kwamba msiba umeshaingia nyumbani. Maana yake halisi ni kwamba moyo umedhoofika au umekakamaa kiasi kwamba hausukumi damu ya kutosha mahitaji ya mwili. Maji hujikusanya miguuni na kwenye mapafu, mgonjwa huchoka kwa kazi ndogo, na usiku hulazimika kulala kwa mito miwili au mitatu ili apate pumzi. Ni ugonjwa mkubwa, hilo halifichwi, lakini watu wengi huishi nao kwa miaka wakiwa kwenye dawa. Binafsi hupendelea kuuita "udhaifu wa moyo", maana ndiyo picha iliyo karibu zaidi na ukweli. Kwenye faili utauona kama "HF", "CHF" au "CCF".

Presha ya kupanda na presha ya kushuka huitwaje kwa Kiingereza?

Presha ya kupanda ni "hypertension", nayo kwenye kadi hufupishwa kuwa "HTN"; presha ya kushuka ni "hypotension". Tofauti ya maneno hayo mawili imebebwa na silabi moja tu, kwa hiyo ukiyasikia kwa simu usione haya kuomba yarudiwe, au uliza kwa maneno mepesi: "high or low?"

Hata hivyo mizani ya lugha hizi mbili haiko sawa. Mswahili husema presha ya kupanda na presha ya kushuka kana kwamba ni ndugu wawili wenye uzito mmoja, wakati daktari akiandika neno la kwanza anazungumzia ugonjwa wa kudumu unaohitaji dawa za kila siku, na akiandika la pili mara nyingi anaeleza hali ya muda iliyoletwa na kupungukiwa maji, kutokwa na damu, maambukizi au dawa yenyewe. Tena neno la kupanda humfanya mtu afikiri kwamba ugonjwa huja na kuondoka, hivyo humeza kidonge siku anayoumwa kichwa tu. Shinikizo la juu la damu kwa kawaida haliumi popote, na kichwa kutouma si dalili kwamba limeshuka.

Wapo pia wanaochanganya presha ya kushuka na upungufu wa damu. Upungufu wa damu ni "anaemia", ambao Wamarekani huuandika bila herufi "a" ya pili, nao hupimwa kwa kutoa damu kidogo na kuangalia kiwango cha hemoglobini. Mkanda wa presha hauwezi kuupima.

Zile namba mbili za presha zina maana gani, na husomwaje?

Namba ya juu huitwa "systolic", nayo ni shinikizo lililomo ndani ya mishipa wakati moyo unapojikunja na kusukuma damu. Namba ya chini huitwa "diastolic", nayo ni shinikizo linalobaki wakati moyo umelegea na kujaa tena. Maneno yote mawili ni ya Kigiriki, la kwanza likiwa na maana ya kukusanya na la pili ya kupanua. Waingereza husoma 120/80 kama "one twenty over eighty". Herufi "mmHg" zinazofuata ni milimita za zebaki, kwa kuwa vipimo vya zamani vilipandisha zebaki ndani ya mrija wa kioo. Mkanda wa kufunga mkono ulibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha kwamba namba zote mbili zinaweza kusikika kwa kuweka kifaa cha kusikilizia juu ya mshipa wa mkono.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtu ana shinikizo la juu la damu endapo vipimo vya siku mbili tofauti vyote vitafikia 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini. Vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani viliteremsha mpaka huo hadi 130/80 mwaka 2017, na ndiyo maana mtu aliyeambiwa mjini Mombasa kwamba yuko salama anaweza kufika Houston akaambiwa ana ugonjwa. Mwili wake haukubadilika. Kilichobadilika ni mstari.

Mshipa ni "vein", "artery" au "nerve"?

Inategemea mshipa upi. "Artery" ni ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo na kuipeleka mwilini. Ndio unaoruka ukigusa kifundo cha mkono. "Vein" ni vena, unaorudisha damu kwenye moyo, na ndio huo wa rangi ya buluu unaochomwa sindano ya dripu. "Capillary" ni kapilari, mishipa myembamba inayounganisha hizo mbili, iliyopewa jina kutokana na neno la Kilatini la unywele. "Nerve" ni mshipa wa fahamu, ambao haupitishi damu kabisa. "Tendon" ni kano inayoshika msuli na mfupa, nayo pia wengi huiita mshipa. Na mshipa wa kwenye kinena, ambao wazee huutaja kwa sauti ya chini, mara nyingi ni ngiri, yaani "hernia". Kwa hiyo unapofasiri neno mshipa, kwanza muulize mwenye kuumwa aonyeshe kwa kidole.

Jina la ateri lenyewe limebeba kosa la kale. Wagiriki waliona kwamba mtu akishakufa ateri zake huwa tupu, wakadhani zilikuwa njia za hewa. Haikuwa rahisi kuuondoa uelewa wa aina hiyo. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita kwenye mapafu, kisha hurudi upande wa kushoto. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu chake mjini Frankfurt akionyesha kwamba damu yote ya mwili huzunguka na kurudi ilikotoka, na hapo ndipo lilipotoka neno "circulation". Hakuweza kuona ilipovukia kutoka ateri kwenda vena. Kapilari zilionekana kwa hadubini mwaka 1661, naye aliyeziona ni Marcello Malpighi.

Mishipa inayoulisha moyo wenyewe huitwa "coronary arteries", kutokana na neno la Kilatini la taji, kwa kuwa imeuzunguka moyo kwa juu kama taji lililovikwa kichwani.

Nimeambiwa nina "heartburn". Je, moyo wangu umeungua?

Hapana. "Heartburn" ni kiungulia, yaani asidi ya tumboni inayopanda kwenye umio. Kiingereza kimeliweka neno la moyo mahali ambapo moyo haumo, nasi tusikicheke, maana Mswahili naye akitaka kutapika husema moyo unamchafuka. Onyo moja tu: kuna watu ambao shambulio la moyo huwajia likiwa kama kiungulia kizito juu ya tumbo, pamoja na jasho na pumzi fupi, na kiungulia cha namna hiyo si cha kutibiwa kwa maziwa.

Nitaelezaje kwa Kiingereza ninachokihisi kifuani?

Kiswahili kina maneno mazuri ya jambo hili, na ni afadhali kuyafasiri moja moja kuliko kusema tu "pain". Kifua kinabana ni "tightness". Kifua kizito, kama kimewekewa jiwe, ni "pressure" au "heaviness". Kichomi, maumivu makali yanayochoma unapovuta pumzi, ni "sharp pain when I breathe in", na hiki mara nyingi humwelekeza daktari kwenye mapafu kabla ya moyo. Maumivu yanayotambaa kwenda kwenye bega, mkono wa kushoto au taya husemwa kuwa "spreading" au "radiating". Moyo kwenda mbio, kudunda au kuruka ruka ni "palpitations". Pumzi kukata ni "short of breath". Kuzimia ni "fainting", lakini kizunguzungu kinahitaji uangalifu: ukihisi nyumba inazunguka ni "vertigo", ukihisi macho yanaingia giza unaposimama ni "light-headed", na daktari atafuata njia tofauti kwa kila moja. Miguu kujaa ni "swollen legs", ingawa kwenye faili itaandikwa "oedema".

Neno "angina" hulitesa sana sikio, kwa sababu halifanani na kitu chochote. Linatokana na neno la Kilatini la kukabwa, na daktari wa London, William Heberden, aliitumia picha hiyo mwaka 1768 alipoeleza wagonjwa waliobanwa kifua wakipanda mlima na kupata nafuu wakisimama. Hiyo ndiyo maana yake mpaka leo: kifua kinabana unapofanya kazi kwa sababu damu haifiki ya kutosha kwenye msuli wa moyo, na hutulia ukipumzika. Ikianza kuja ukiwa umekaa tu, hiyo si angina ya kawaida tena, na hospitali ni siku hiyo hiyo.

"Stroke" ni ugonjwa wa moyo?

"Stroke" ni kiharusi, nacho hutokea kwenye ubongo, si kwenye moyo. Mshipa wa ubongo huziba au hupasuka. Kinahesabiwa pamoja na magonjwa ya moyo kwa sababu mizizi yao ni mmoja: shinikizo la damu, sukari, tumbaku, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo huitwa "atrial fibrillation" na kuandikwa "AF". Kupooza ni matokeo ya kiharusi, wala si jina lake jingine, kwani mtu anaweza kupata kiharusi akapoteza usemi bila kupooza mguu wala mkono.

Wako kwetu wanaoeleza kwamba mgonjwa amepigwa na upepo mbaya. Kiingereza hakiko mbali, kwani "stroke" maana yake ni pigo, na zamani walisema ni pigo la mkono wa Mungu. Siku hizi hospitali za Uingereza na Marekani hufundisha neno "FAST": uso ("face") umepinda upande, mkono ("arm") hauinuki, usemi ("speech") umevurugika, basi ni wakati ("time") wa kupiga simu. Saa ina uzito hapa, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na swali la kwanza utakaloulizwa ni "when was he last well?", yaani mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi.

Kwenye faili imeandikwa kwamba "nalalamika" na kwamba "nakana" kuvuta sigara. Je, daktari hakuniamini?

Hili huwaudhi watu, tena kwa haki, kwa sababu maneno hayo nje ya hospitali yana ukali. Katika maandishi ya kitabibu, "complains of", ambayo hufupishwa "c/o", maana yake ni kwamba mgonjwa ameeleza dalili fulani. "Denies smoking" maana yake ni kwamba umeulizwa ukajibu huvuti. Hakuna shutuma yoyote ndani yake. Kadhalika "negative" kwenye majibu kwa kawaida ni habari njema, maana kilichotafutwa hakikuonekana, na "unremarkable" si dharau bali ni kusema kwamba kila kitu ni cha kawaida. Herufi "SOB" zimewahi kuwakasirisha waliozisoma, kwa kuwa mitaani ni tusi; kwenye faili ni pumzi kukata.

Herufi za cheti cha dawa nyingi ni za Kilatini. "OD" ni mara moja kwa siku, "BD" mara mbili, "TDS" mara tatu, "nocte" usiku, "PRN" pale unapohitaji, na "stat" ni sasa hivi. Ile "1 x 3" iliyoandikwa kwenye bahasha ndogo ya dawa ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Ukiwa na shaka, mwombe mfamasia aandike saa.

Kuna njia rahisi ya kutambua dawa za moyo na presha kwa majina yake?

Ipo, nayo ni kuangalia mwisho wa jina. Jina la kibiashara hubadilika kutoka duka hadi duka, lakini jina halisi la dawa, lililochapishwa kwa herufi ndogo zaidi kwenye boksi, hubeba mkia wa ukoo wake. Dawa zinazoishia na "-pril", kama captopril na enalapril, hulegeza mishipa, na baadhi ya watumiaji huletewa kikohozi kikavu kisichoisha. Mtu anaweza kunywa dawa za kifua kwa miezi bila kujua kwamba kikohozi kinatoka kwenye kidonge cha presha. Zinazoishia na "-sartan", kama losartan, hufanya kazi iliyo karibu na hiyo na kwa kawaida hazileti kikohozi. Makundi haya mawili ya dawa hayamfai mama mjamzito, kwa hiyo anayetumia mojawapo na akashuku ana mimba amwone daktari mapema. Zinazoishia na "-dipine", kama amlodipine na nifedipine, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Zinazoishia na "-olol", kama atenolol na bisoprolol, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mwenye pumu amkumbushe daktari kabla ya kuandikiwa. Furosemide na zile zenye "-thiazide" ni dawa za kukojosha, ambazo Waingereza huziita "water tablets", jina ambalo limewafanya wengine wadhani ni vidonge vya kuongeza maji.

Zinazoishia na "-statin", kama atorvastatin, hupunguza kolesteroli, yaani mafuta ya kwenye damu. Mkia huu una mdanganyifu mmoja: nystatin ni dawa ya fangasi, haina uhusiano wowote na moyo, nayo ilipewa jina kutokana na jimbo la New York ilikogunduliwa.

"Blood thinner" hupunguza damu?

Haipunguzi damu wala haiifanyi kuwa nyepesi kama maji. Jina hilo ni la mazoea tu, na tafsiri yake ya "dawa ya kupunguza damu" imewafanya wagonjwa waiache kwa kuogopa upungufu wa damu. Kazi yake ni kuizuia damu isigande kwa urahisi. Damu iliyoganda ndani ya mshipa ni "clot" au "thrombus". Ikikatika ikasafiri na kwenda kuziba mahali pengine huitwa "embolus". Ndiyo maana damu iliyoganda kwenye vena za ndani za mguu, inayoandikwa "DVT", huogopwa: kipande kikifika kwenye mapafu kinaweza kuua.

Mojawapo ya dawa za siku nyingi katika kundi hili ni warfarin, ambayo hufuatiliwa kwa kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, kinachoitwa "INR", na kwa wagonjwa wengi lengo huwa kati ya 2 na 3. Mboga za majani ya kijani, kama sukuma wiki na mchicha, zina vitamini K inayopunguza nguvu yake. Hukatazwi kuzila, ila kiasi chake kisipande na kushuka kila wiki.

"Echo", "ECG", "stent" na "bypass" ni nini?

"ECG" ni mchoro wa umeme wa moyo, na Wamarekani huuita "EKG" kwa kufuata tahajia ya Kijerumani. Aliyeufanya kuwa kipimo cha kuaminika, Willem Einthoven wa Uholanzi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. "Echo" ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, sawa na ile anayopigwa mama mjamzito, na haiumi. "Angiogram" ni picha ya mishipa baada ya kuingiza rangi maalumu kwa mrija mwembamba kupitia kifundo cha mkono au kinena. Mshipa ukionekana umebana, huweza kupanuliwa kwa puto na kuwekewa "stent", kijibomba cha wavu wa chuma kinachobaki humo. "Pacemaker" ni ile ambayo watu huiita betri ya moyo.

"Bypass" ni lile lile neno la barabara ya mchepuo, kama Southern Bypass ya Nairobi, nalo lina maana hiyo hiyo: mshipa uliotolewa mguuni au kifuani hushonwa ili damu ipite kando ya mahali palipoziba. Kifupi cha upasuaji huo ni "CABG", na madaktari hukitamka kama neno la Kiingereza la kabichi. Ukisikia wakipanga kabichi ya kesho asubuhi, hawazungumzii chakula.

Mtoto wetu ameandikiwa "RHD" na "murmur". Hayo ni maneno mabaya kiasi gani?

"Murmur" ni mnong'ono, yaani sauti ya ziada inayosikika damu inapopita kwenye moyo. Si ugonjwa kwa jina hilo peke yake. Watoto wengi wenye afya njema wana mnong'ono usio na madhara, na "echo" ndiyo hutoa hukumu. Wengine huzaliwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo, nalo huandikwa "ASD" likiwa kati ya vyumba vya juu na "VSD" likiwa kati ya vile vya chini. Matundu mengine hujifunga yenyewe, mengine huhitaji kuzibwa.

"RHD" ni jambo la kushughulikia bila kuchelewa. Ni ugonjwa wa valvu za moyo, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, unaoanzia kwenye maumivu ya koo ya bakteria yasiyotibiwa vizuri, mara nyingi kwa watoto wa umri wa kwenda shule. Wiki chache baadaye viungo huuma na kuvimba, homa hupanda, na valvu za moyo huanza kuharibika. Jina lake kamili la Kiingereza, "rheumatic heart disease", lina neno lile lile la baridi yabisi, na hapo ndipo wazazi wanapopotezwa, kwa kuwa kwetu baridi yabisi ni maradhi ya wazee ya magoti, na nani atamshuku nayo mtoto wa miaka 9? Kinga dhidi ya kurudi kwake ni sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka, hata kama mtoto anacheza mpira na haonyeshi dalili. Valvu inayoharibika zaidi ni "mitral", iliyopewa jina la kofia ya askofu kwa sababu ya umbo lake. Ikibana huitwa "stenosis", ikivuja huitwa "regurgitation". Upasuaji wa valvu si lazima tena kuufuata India. Kwa upande wa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikiufanya tangu ilipoanza kazi mwaka 2015.

Kolesteroli ile ile, namba mbili tofauti kabisa. Maabara imekosea?

Pengine haikukosea. Uingereza na maabara nyingi za Afrika Mashariki hupima kwa "mmol/L", Marekani hupima kwa "mg/dL", na namba ya kwanza ikizidishwa kwa 38.67 hupata ya pili, hivyo 5.0 na 193 ni kitu kimoja. "LDL" ni ile inayojishikiza kwenye kuta za mishipa; "HDL" huisafirisha kuirudisha kwenye ini. Baadhi ya waandishi wa afya huiita kolesteroli lehemu.

Je, "broken heart" inaweza kuwa ugonjwa wa kweli?

Inaweza. Kuna hali ambapo huzuni au mshtuko mkubwa hudhoofisha moyo ghafla na kuleta dalili zinazofanana kabisa na shambulio la moyo, ingawa mishipa haikuziba. Ilielezwa Japani mwaka 1990 na kuitwa "takotsubo", jina la chungu ambacho wavuvi wa huko hutegea pweza, kwa sababu moyo ukipigwa picha huonekana na shingo nyembamba na tumbo pana. Wengi hupona baada ya wiki kadhaa.

Mwanangu mwenye miaka 12 anajua Kiingereza kuniliko. Anaweza kunifasiria kliniki?

Asifasiri, ikiwa kuna njia nyingine. Mtoto hufasiri maneno anayoyajua na huruka asiyoyajua, na zaidi ya hayo hulazimika kumwambia mzazi wake habari ambazo hata daktari hupata taabu kuzitamka. Yako pia mambo ambayo baba hatayasema mbele ya mwanawe, mfano dawa ya presha iliyomwondolea nguvu za kiume. Hospitali za umma za Uingereza hutoa mkalimani bila malipo, na nchini Marekani hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kufanya hivyo pia. Sentensi ya kuomba ni fupi: "I need a Swahili interpreter." Msemaji wa Kiswahili cha Kongo aongeze neno "Congo", kwani mkalimani wa Unguja na mgonjwa wa Bukavu huweza kukwamishana.

Nikipiga simu ya dharura na Kiingereza changu ni kidogo, niseme nini kwanza?

Anza na anwani, kwa sababu simu ikikatika gari bado litajua pa kwenda. Namba ni 999 au 112 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, na 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya. Kisha taja neno "Swahili", ili mkalimani aunganishwe, na katika kumsubiri taja jambo moja kubwa: "chest pain", "stroke", au "he collapsed".

Kisha tenganisha sentensi mbili ambazo kwa haraka hufanana. "He can't breathe well" ni kwamba anapumua kwa taabu. "He is not breathing" ni kwamba hapumui kabisa, na anayekusikiliza atakuamuru umlaze chali sakafuni na uanze kumbonyeza kifua saa hiyo hiyo, akikuhesabia kwa sauti: "one, two, three, four".